Mavivi: Mashine inayoona mlango gizani, na ile isiyomwona anayejificha

Abiria waliopita kwenye uwanja wa ndege wa Mavivi kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 wanakikumbuka kile kifaa cheupe chenye umbo la bastola. Agenti wa afya alikielekeza kwenye paji la uso, kikalia, namba ikatokea: 36,4 au 36,7, na mtu akaruhusiwa kuendelea. Aliyeonyesha 38 aliwekwa kando. Ulikuwa wakati wa Ebola, gonjwa lililotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 baada ya kujitokeza upande wa Mangina, na ambalo mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Lilikuwa limehesabu wagonjwa 3470 na vifo 2287.

Wapo walioogopa kwamba thermoflash inapiga kitu ndani ya kichwa. Ukweli ni kinyume chake. Kifaa hicho hakitumi kitu, kinapokea tu. Mwili wa mtu, kama jiwe lililopigwa na jua au sufuria iliyotoka motoni, hutoa mwanga wa joto ambao jicho letu haliwezi kuuona. Ndani ya thermoflash kuna kipande kidogo kinachouhisi mwanga huo na kuugeuza kuwa umeme, na umeme huo ukageuzwa kuwa namba. Mafundi wetu wa magari na wa simu hukiita kwa Kifaransa capteur. Kwa Kiswahili ni kihisi.

Ndugu wa kipande hicho, wenye uwezo mkubwa zaidi, wanafanya kazi kilomita 400 juu ya vichwa vya wakaaji wa Beni. Huko kazi yao ni kuvisaidia vyombo visivyo na rubani kutafutana gizani na kukaribiana bila kugongana. Na moja ya safari zilizotegemea kazi ya namna hiyo ilibeba mzigo wa jirani zetu wa ng'ambo ya Semliki.

Sanduku la sentimita 10

Tarehe 7 Novemba 2022, roketi aina ya Antares iliruka kutoka Wallops, katika jimbo la Virginia, Marekani. Juu yake kulikuwa na chombo cha mizigo aina ya Cygnus kilichobeba zaidi ya tani 3 na nusu: chakula, vifaa, na kazi za utafiti za kupeleka kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu. Katikati ya mizigo hiyo kulikuwa na kisanduku cha sentimita 10 kila upande kiitwacho PearlAfricaSat-1, satelaiti ya kwanza ya Uganda. Wahandisi watatu wa Uganda, Bonny Omara, Edgar Mujuni na Derick Tebusweke, walikuwa wameitengeneza wakiwa Japani, kwenye Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, pamoja na wenzao waliotengeneza satelaiti ya kwanza ya Zimbabwe.

Saa chache baada ya kuruka, mambo yaliharibika. Cygnus ina mabawa mawili ya kukusanya umeme wa jua, na moja lilikataa kufunguka. Chombo kikabaki na bawa moja, mizigo ya watu wengi ikiwa ndani, na hakukuwa na fundi wa kutumwa kwenda kulivuta kwa mkono. Viongozi wa safari waliamua kiendelee hivyo hivyo. Siku mbili baadaye, tarehe 9 Novemba, Cygnus ilifika karibu na kituo, ikasimama umbali wa karibu mita 10, na mwanaanga Nicole Mann akaikamata kwa mkono mrefu wa mashine uliotengenezwa Kanada. Tarehe 2 Desemba satelaiti ya Uganda ilisukumwa nje kutoka kwenye chumba cha Wajapani, ikaanza kuizunguka dunia.

Magazeti ya Kampala yaliandika juu ya satelaiti, na ni haki yao. Lakini zile mita 10 za mwisho zinastahili kuelezwa pia, maana bila hizo kile kisanduku kingeishia kuungua angani pamoja na chombo kilichokibeba.

Kwenda mbio ndiyo kuchelewa

Rubani anayetua Mavivi anauona uwanja kwa macho yake. Anaongea kwa redio na watu walio chini. Akiona hali ya hewa mbaya, anazunguka au anarudi alikotoka. Na jambo kubwa kuliko yote: uwanja hauendi popote.

Kituo cha anga za juu kinakwenda kilomita 28.000 kwa saa. Kinaizunguka dunia nzima kwa karibu dakika 90, yaani muda ambao gari iliyotoka Beni mara nyingi haijamaliza hata barabara ya kwenda Kasindi. Chombo kinachokifuata lazima kiende kasi hiyo hiyo, kwenye njia hiyo hiyo, halafu tofauti ya mwendo kati ya vyote viwili ipunguzwe hadi sentimita chache kwa sekunde. Kwa macho ya aliye ndani, chombo kinakaribia polepole kuliko chukudu inayosukumwa mlimani.

Tena huko juu akili ya barabarani haifanyi kazi. Juni 1965 mwanaanga wa Marekani James McDivitt, akiwa kwenye Gemini 4, alijaribu kukisogelea kipande cha roketi yake mwenyewe kilichokuwa kikielea karibu. Alifanya kile ambacho motari yeyote angefanya: alikielekea na kuongeza moto. Kikazidi kuwa mbali. Anayeongeza mwendo angani hupanda kwenye mzunguko mkubwa zaidi, na kwenye mzunguko mkubwa njia ni ndefu na mwendo ni mdogo, kwa hiyo anaachwa nyuma. McDivitt hakuwa na rada, alikuwa na macho tu, na macho hayakuweza kumwambia kwa hakika yuko umbali gani. Alitumia mafuta mengi, akaamriwa aache.

Wamarekani walifaulu kuunganisha vyombo viwili tarehe 16 Machi 1966, Neil Armstrong akiwa kwenye usukani. Wasovieti walitaka mashine ifanye kazi hiyo peke yake. Tarehe 30 Oktoba 1967 vyombo vyao viwili, Kosmos 186 na Kosmos 188, vilikutana na kushikana bila mtu ndani ya hata kimoja. Viliongozwa na mawimbi ya redio: kimoja kinaita, kingine kinajibu, na kutokana na jibu hilo mashine inapiga hesabu ya umbali, mwendo na upande. Mfumo huo uliitwa Igla. Ulifuatwa na mwingine uitwao Kurs, ambao umeongoza vyombo vya Urusi kwa miaka mingi.

Leza, kioo na popo

Redio inafaa kwa mbali. Kwa karibu, siku hizi leza ndiyo inayotegemewa zaidi. Chombo kinatuma mwale mfupi sana wa mwanga, mwale unagonga kitu, unarudi, na saa ya ndani inapima muda uliopita. Popo wanafanya hivyo usiku kwa sauti. Mwanga ni mwepesi mno kuliko sauti: kwenda na kurudi kwenye kitu kilicho umbali wa mita 10 unatumia sekunde 67 zilizogawanywa kwa bilioni moja. Saa ya kupima muda huo si ile ya kununua sokoni Matonge.

Lakini leza haijui imegonga nini. Kituo kina kuta, mabomba, mabawa, nyaya, na vyote vinarudisha mwanga. Dawa yake inajulikana kwa kila anayeendesha usiku kati ya Beni na Butembo: vile vibandiko vya nyuma ya lori, au mistari kwenye jile ya motari, ambavyo vinawaka mara tu taa ya gari inapovigusa. Kituo nacho kimefungwa vioo vidogo vya aina hiyo karibu na milango. Vinaurudisha mwanga pale pale ulikotoka, na chombo kinavitambua kwa jinsi vilivyopangwa.

Mafundi wa NASA waliongeza ujanja mwingine. Kihisi chao kinamulika kwa leza za rangi mbili ambazo mtu hazioni. Vioo vya kwenye mlango vimewekewa kichujio kinachorudisha rangi moja na kuimeza nyingine. Kamera inapiga picha mbili, moja kwa kila rangi, halafu kompyuta inatoa picha moja kutoka kwa nyingine. Jua, ukuta unaong'aa, mawingu, vyote viko sawa kwenye picha zote mbili, kwa hiyo vinafutika. Yanabaki madoa machache: vile vioo peke yake. Kwa ukubwa wa madoa na nafasi kati yao, mashine inajua mlango uko umbali gani na umeinama upande gani.

Kihisi hicho kilipelekwa angani Aprili 2005 kwenye chombo kiitwacho DART, kilichotakiwa kuisogelea satelaiti nyingine bila msaada wa mtu yeyote. Kihisi hakikupata hata nafasi ya kuonyesha uwezo wake wote. Sehemu nyingine ya chombo, ile ya kujua mahali kwa GPS, ilikuwa na kosa dogo katika kupima mwendo, na kompyuta ikaendelea kuamini hesabu mbaya. DART ilimaliza mafuta ikitangatanga, ikaigonga satelaiti iliyokuwa inaitafuta, na haikujua kwamba imegonga. Miaka miwili baadaye, kwenye safari iliyoitwa Orbital Express, kihisi cha ukoo ule ule kilifanya kazi yake vizuri.

Mei 2012 lilitokea tatizo la aina nyingine. Dragon, chombo cha kampuni ya SpaceX, kilikuwa kinakaribia kituo kwa mara ya kwanza. Leza yake ilianza kusumbuliwa na mwanga uliokuwa unarudishwa na kioo kisicho chake, kilichofungwa kwenye chumba cha Wajapani. Wahandisi walikirudisha chombo nyuma, wakaipunguzia leza upana wa macho yake ili isikione tena kile kioo, kisha wakakiruhusu kisogee. Chumba hicho kinaitwa Kibo. Kwa Kijapani maana yake ni tumaini. Kwa Waswahili ni kilele cha Kilimanjaro. Ndicho kilichotoa satelaiti ya Uganda, na kabla yake, tarehe 11 Mei 2018, satelaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyofika huko ndani ya Dragon.

Pale macho yalipozimwa

Kama mtu anataka kujua thamani ya vihisi, aitazame siku vilipoondolewa. Baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, mfumo wa Kurs ulikuwa unatengenezwa Ukraine, na Urusi ikalazimika kuununua kwa pesa ya kigeni. Moskova ikatafuta njia ya bei ndogo: mwanaanga aliye ndani ya kituo aongoze chombo cha mizigo kwa mkono, akikitazama kwenye televisheni.

Tarehe 25 Juni 1997, kwenye kituo cha Mir, kazi hiyo alipewa kamanda Vasily Tsibliyev. Rada ya Kurs ilizimwa. Chombo cha Progress, chenye uzito wa karibu tani 7, kilikuwa kinashuka kuelekea kituo, na kwenye televisheni Mir ilionekana juu ya mawingu ya dunia, nyeupe juu ya nyeupe. Tsibliyev hakuwa na namba ya umbali wala ya mwendo. Wenzake, Aleksandr Lazutkin na Mwamerika Michael Foale, walichungulia madirishani lakini hawakukiona mpaka kilipokuwa karibu mno. Progress iligonga bawa la umeme, ikatoboa chumba kiitwacho Spektr, na hewa ikaanza kutoka.

Walikuwa na dakika chache. Nyaya zilikuwa zimepita mlangoni, kwa hiyo mlango haukuweza kufungwa. Walizikata na kuzichomoa kwa haraka, wakaziba. Kituo kilipoteza sehemu kubwa ya umeme wake na kikaanza kuzunguka ovyo. Foale alinyoosha kidole gumba dirishani, akaangalia nyota zinavyopita nyuma yake, na kwa kidole hicho akakadiria kituo kinazunguka kwa mwendo gani. Makadirio yalitumwa duniani kwa redio, na wote watatu walirudi nyumbani wakiwa hai. Wengi walimlaumu Tsibliyev wakati ule. Ukiangalia alichonyimwa, lawama hiyo ilikuwa na haraka.

Mlango unataka kuonekana

Wakaaji wa Mavivi, Oicha na Mbau wana swali lao kuhusu macho ya mashine, na hawaliulizi kwa sababu ya Mir. Tarehe 3 Desemba 2013, MONUSCO ilizindua Goma ndege zake zisizo na rubani, aina ya Falco kutoka Italia, zikiwa na kamera za mchana na za joto. Lilikuwa jambo la kwanza la namna hiyo katika historia ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Miezi michache baadaye, Oktoba 2014, mauaji ya raia yalianza kuongezeka katika eneo la Beni, na hayajaisha. Tangu Novemba 2021 jeshi la Uganda nalo linapigana na ADF bega kwa bega na FARDC. Swali linarudi kila baada ya mazishi: kama mashine inaweza kuona mlango wa sentimita chache kutoka mbali, gizani, inashindwaje kuwaona watu wenye mapanga wanaovuka shamba la kakao?

Sehemu ya jibu ni ya kisiasa na ya kijeshi, na wa kuitoa wapo na wanalipwa kwa kazi hiyo. Sehemu nyingine imo katika namna vihisi vinavyofanya kazi. Kila mfano uliotajwa hapo juu una jambo moja: kinachotafutwa kinataka kuonekana. Kituo kimevaa vioo. Kimetuma anwani yake. Umbo lake liko ndani ya kompyuta ya anayekuja, kipimo kwa kipimo. Hata hivyo makosa yanatokea, tena karibu na mlango.

Msituni hakuna kioo kwenye mti. Kamera ya joto inaona doa lenye joto, kama thermoflash ilivyoona 36,7, bila kujua ni paji la uso la nani. Mwasi, mkulima aliyelala shambani wakati wa mavuno, mama aliyekimbia na watoto, wote wana joto moja. Majani mazito ya mvua yanaficha joto hilo, na mchana ardhi iliyopigwa na jua inaweza kukaribia joto la mwili wa mtu. Mashine inaweza kusema kuna kitu. Kusema ni nani, halafu kutuma mtu kwa wakati, hiyo si kazi ya kihisi, na hakuna leza itakayomfanyia mkubwa wa jeshi kazi hiyo.

Hata angani, kukikaribia kitu kisichojibu ndiko kunakowasumbua mafundi sasa. Kuna maelfu ya mabaki ya roketi na satelaiti zilizokufa yanayozunguka bila redio, bila vioo, mengine yakigeukageuka. Februari 2024 kampuni ya Kijapani Astroscale ilirusha chombo ADRAS-J kwenda kukitafuta kipande cha roketi ya Japani kilichoachwa huko juu mwaka 2009. Kilianza kwa kukiona kama nukta, kikaendelea na kamera za kawaida, za joto na leza, na kabla ya mwaka kuisha kilikuwa kimefika umbali wa karibu mita 15. Hakikukigusa. Kukamata kumeachiwa safari nyingine.

India, nchi ambayo askari wake wa MONUSCO wanajulikana sana Kivu Kaskazini, iliunganisha satelaiti zake mbili tarehe 16 Januari 2025 na kuwa nchi ya nne kufanya hivyo, baada ya Marekani, Urusi na China. Ilikuwa imeahirisha mara mbili katika wiki iliyotangulia. Mara ya pili satelaiti zilipokaribiana zilisogea kwa mwendo mkubwa kuliko ilivyopangwa, na wahandisi wakachagua kuahirisha badala ya kubahatisha.

Kituo chenyewe kinapita juu ya Beni mara kwa mara, na hakuna haja ya darubini. Kinaonekana muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, wakati chini kumeshakuwa giza na huko juu jua bado linakipiga. Ni nukta nyeupe, yenye mwanga kuliko nyota nyingi, inayovuka anga kwa dakika chache bila sauti na bila kuwaka na kuzima kama taa za ndege. Mara nyingine inazimika ghafla katikati ya safari. Hapo imeingia kwenye kivuli cha dunia, na kama kuna chombo kinachokifuata nyuma, kamera zake za kawaida hazioni tena kitu. Kinaendelea kwa leza na kwa joto.